Kamba Mbili za Siku Moja

Mtu mmoja aitwaye Chidosa alikuwa na kisima kirefu. Mdogo wake, Malogo, alichimba cha kwake ng'ambo ya zizi, kina kilekile. Kamba za katani walizinunua siku moja, kwa msokotaji mmoja, urefu mmoja.

Kisima cha Chidosa kilisifiwa. Alikijengea ukingo wa mawe makali ya mlimani, ukafika kifuani, ili wapita njia wakione. Malogo alilaza gogo laini usawa wa ardhi, akazungushia miiba kuzuia ndama. Kaka yake alimcheka, akasema hicho ni shimo la panya.

Kamba ya kisima huanza kuchakaa kwenye ncha, pale inapofungwa ndoo. Desturi ya kwao ni kukata nyuzi zilizochakaa na kufunga upya. Chidosa alijaza ndoo hadi mdomoni na kuivuta kwa pupa, na kila ilipofika juu, ncha ilisagwa kwenye mawe. Alikata mara nyingi kuliko ndugu yake. Mkewe, Matika, alipouliza mbona anakata tena, alijibu kuwa ncha si kamba.

Ukaja mwaka ambao ndoo ilipanda na maji nusu, kisha robo. Chidosa aliinama ukingoni, akaona giza, akatangaza kuwa kisima kimekufa. Kwao kisima kikifa, mtu huhama. Alituma habari kwa wakwe zake kuwaomba mahali pa kuchungia ng'ombe, akamwambia mkewe afunge vyombo.

Matika hakufunga. Makaburi ya wazazi wa mumewe yalikuwa pale, na la mtoto wake wa kwanza. Asubuhi alikwenda kwa Malogo kuazima kamba. Akazilaza zote mbili chini, sambamba, mbele ya mumewe. Ya Chidosa ilikuwa fupi kwa mkono mzima.

"Baba Ndahani," alimwambia, "maji hayajashuka. Kamba yako imezeeka kabla ya pacha wake."

Chidosa aligusa ncha iliyosagwa na mawe. Kisha akachukua mtaimbo, akaanza kubomoa ukingo. Malogo alikuja kumsaidia, akauliza kama sasa wanafungua shimo la panya la pili. Walicheka wote, Chidosa akiwa wa mwisho kucheka.

Kamba haikurefuka hata kidole. Lakini ukingo uliposhuka, ndoo ilizama tena majini. Chidosa alilaza gogo, akaweka miiba, akajifunza kuvuta polepole ndoo isiyojaa sana. Wakwe waliambiwa wasimngoje. Kamba ile bado inatumika, na ng'ombe wanakunywa.

Kisima ni moyo. Kamba ni seli za mwili, nazo zina nyuzi za urithi ndani yake, ambazo ncha zake hufupika kadiri seli zinavyojigawa. Wanaozipima wameona kwamba ncha zilizofupika mapema mara nyingi huandamana na moyo mgonjwa. Chidosa na ndugu yake hawakutofautiana kwa umri wa kamba. Walitofautiana kwa ukingo, yaani kwa namna ya kuishi.

Basi wewe unayekata na kufunga upya, ukisema ni ncha tu: ni ukuta gani ulioujenga kwa mikono yako, ambao leo bado una nguvu za kuubomoa?