Majivu ya Jiko la Namkunda

Hapo zamani, na msiniulize zamani ipi, maana kila mtu anayo yake na kila mtu husema ya kwake ndiyo ilikuwa mbaya kuliko zote, hapo zamani palikuwa na mwanamke aitwaye Namkunda. Aliishi kwenye kilima chenye baridi na ukungu, akazaa watoto watatu. Sogeeni. Hadithi hii haina wimbo wala sungura, na aliyekuja kucheka aondoke sasa, sitaona vibaya.

Namkunda alikuwa mzito wa kuzaa. Kati ya mtoto na mtoto ilipita miaka kama kumi. Kwa hiyo watoto wale walinyonya ziwa moja, lakini hawakukulia dunia moja.

Wa kwanza, Mbonea, alikulia miaka ya njaa. Mvua ilikata, migomba ikanyauka, watu wakachemsha ngozi walizokuwa wakizilalia. Namkunda akamfunza mwanawe: "Ukila, bakiza. Ukibakiza, ficha. Hata mimi nikikuomba kwa machozi, usinipe chote, maana kesho tutakuwa na njaa kuliko leo." Mbonea akashika. Akapona. Wengi wa rika lake hawakupona.

Wa pili, Nakijwa, alikulia miaka ya neema. Mvua ilirudi, mifereji ikajaa, ndizi zikaiva mpaka zikawashinda ndege. Milango haikuwa na komeo. Mtu akikohoa asubuhi, kabla ya adhuhuri nyumba yake imejaa majirani, huyu na uji, yule na kuni. Namkunda, aliyekuwa amechoka kupima unga kwa kiganja, akamfunza binti yake: "Usiwe na roho ya kaka yako. Toa, cheza, nenda utakako. Watu wapo." Nakijwa akashika. Akapendwa na kilima kizima.

Wa tatu, Senzige, alikulia miaka ya hofu. Watekaji walikuja kutoka bondeni kutafuta watoto wa kuuza mbali. Nao walikuwa na hila yao: walimkamata mama mtu shambani, wakamkokota hadi mlangoni kwake, wakamwekea kisu shingoni, wakamwambia, waite wanao. Mama akaita. Watoto wakafungua. Nyumba ya jirani iliisha hivyo, na Senzige alisikia yote kutoka ng'ambo ya ua. Namkunda akamfunza: "Usifungue kwa sauti. Hata iwe yangu. Hata nilie. Mimi nikirudi nitatambaa nipitie tundu la mbuzi kule nyuma." Senzige akashika. Na siku moja sauti ya mama yake ilimwita mlangoni, ikalia, ikaomba, naye hakufungua. Mbiu ikapigwa, watekaji wakakimbia, wakamwacha Namkunda na jeraha shingoni. Akatambaa akapita tundu la mbuzi, akamkumbatia mwanawe. "Umefanya vyema," akamwambia. "Na kesho pia usifungue."

Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Hawa walifunzwa na wote wawili, na wote wawili walisema neno lile lile. Mtu wa namna hiyo utamwambia nini?

Miaka ikapita. Njaa ikaisha, neema ikapungua, watekaji wakatoweka. Iliyopita ilikuwa miaka tu. Watoto walibaki vilevile. Mbonea alijenga ghala, akalifunga, ufunguo akauvaa shingoni hata akioga. Nakijwa hakuwahi kufunga kitu wala kukaa nyumbani. Senzige alijenga chini kidogo ya mteremko, mlango wa mbao nene, dirisha hakuna, ila tundu la mbuzi nyuma. Watu waliwatania. Walisema yule ni mchwa, yule ni kipepeo, yule ni kobe. Waliwatania, lakini ukame mfupi ulipopita waliomba unga kwa mchwa.

Kisha Namkunda akazeeka, akashikwa na homa msimu wa baridi, ule ambao ukungu haunyanyuki hata saa sita mchana.

Mbonea alimletea unga wa uji asubuhi, kibaba kimoja. Mama akanywa, akasema, "Mwanangu, bado nina njaa." Mbonea akamjibu kwa upole, "Kesho, mama. Msimu huu siuamini." Akafunga ghala, akaenda shambani. Ghala lilikuwa limejaa mpaka darini.

Nakijwa ndiye aliyeachiwa mgonjwa. Upande wa pili wa kilima kulikuwa na harusi, ngoma ikisikika. Akamfunika mama blanketi, akachochea moto, akatoka. Njiani alipita kwa majirani, akawaambia, "Mama yupo ndani peke yake." Wakaitikia, "Haya, mama." Akaenda kucheza roho yake ikiwa nyeupe kabisa.

Hakuja mtu. Moto ukafifia. Namkunda akaamka na njaa na baridi, akaita, hakuitikiwa. Akashika ukuta, akatoka, akateremka kwenye ukungu hadi kwa kitinda mimba wake. Akagonga. "Senzige, mwanangu, nifungulie. Ni mimi."

Senzige alikuwamo. Alichungulia kwenye ufa wa mlango, akaona ukungu mtupu. Akarudi nyuma, akashika panga, akaketi chini, mwanamume mzima mwenye ndevu, amejikunyata. Sauti ikaita. Sauti ikalia. Naye akawa anatazama tundu la mbuzi kule nyuma, akingoja mama yake atambae. Lakini bibi mgonjwa atatambaa wapi? Sauti ikanyamaza. Jua lilipopasua ukungu akafungua, akamkuta kizingitini, amekufa, mkono bado uko kwenye mbao.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye kazi.

Kwenye kilima kile, mwenye nyumba akifa, moto wake hauzimwi kwa maji. Huachwa ufe wenyewe, na majivu husubiri siku ya kuanua matanga. Kama alikufa kwa siku zake, watoto wote huyazoa pamoja, wakayatia migombani. Kama alikufa kwa kosa, mkosaji huyabeba kichwani peke yake, akavuka nayo mto, wala harudi. Mtu mmoja, si wawili. Na mpaka majivu yatoke, hakuna moto wa kuwashwa uani pale. Watoto wa Mbonea na binti mdogo wa Nakijwa, waliokaa hapo kwa matanga, walikuwa wakila ndizi mbichi na kulala na baridi.

Siku ya kuanua matanga watu wakakaa uani. Chungu cha majivu kikawekwa katikati. Mwenye kuhukumu alikuwa mjomba wao, Sebughe, kaka wa marehemu, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Wapwa zangu," akasema, "dada yangu hakufa kwa siku zake. Nani anabeba?"

Mbonea akasimama. "Mimi sikumnyima mama. Nilimpa, nikaweka cha kesho. Ukame ulipokuja, nyinyi mlioketi hapa mlikula ghala la nani? Mliponijia na vikapu mliniita baba. Ufunguo ulionifanya niitwe baba ndio huuhuu. Tena mimi nilikuwa shambani. Aliyeachiwa mgonjwa ni Nakijwa."

Nakijwa akasimama, kanga imelowa machozi. "Nilimwacha mikononi mwa watu. Niliwaambia, wakaniitikia. Nilikokulia mimi, ukimwambia jirani mama ni mgonjwa, anakutangulia kufika. Ningejuaje kwamba siku hizi mtu huitikia tu? Nambike, wewe uliitikia. Ulikwenda?"

Nambike, jirani wa karibu kabisa, akaangalia miguu yake.

"Na hata hivyo," akasema Nakijwa, "mama angekuwa ameshiba asingetoka. Na alipotoka, alifika mlangoni mwa mtu."

Senzige hakusimama. Alisema akiwa ameketi. "Nilisikia. Sitadanganya kwamba sikusikia. Aliniambia usifungue hata nikilia. Akalia. Mara ya kwanza nilikuwa mtoto, nikatii, akanikumbatia. Mara ya pili nilitii vilevile." Akainuka, akaenda kwenye chungu, akakishika. "Nipeni. Nitabeba mimi. Sauti ile naisikia hata sasa, nikiwa huku au ng'ambo ya mto ni mamoja."

"Weka chini," mjomba akamwambia. "Majivu hayabebwi kwa huzuni, yanabebwa kwa kosa. Ukibeba yasiyo yako, aliyekosa atabaki hapa akiota moto."

Ndipo Nambike akainua uso. Sijui alisukumwa na ukweli au na aibu. Aibu nayo ina mdomo.

"Mbona tunamwogopa maiti?" akasema. "Nani aliwafunza hawa? Alimwambia wa kwanza fungia, hakumwambia lini afungue. Alimwambia wa pili watu wapo, hakumwambia watu wameingia ndani wakakomea. Alimwambia wa tatu na kesho usifungue. Kesho hiyo ilikuwa na mwisho? Miaka ilibadilika mbele ya macho yake, naye hakuwaita wanawe hata siku moja akawaambia, ile imekwisha. Majivu ni yake mwenyewe."

Watu wakakitazama chungu. Kwa maana sheria hiyo pia ilikuwapo. Kosa likiwa la marehemu, majivu humwagwa juu ya kaburi lake, na jina lake halirithiwi tena, na aliyekwisha kulirithi huvuliwa. Binti mdogo wa Nakijwa aliitwa Namkunda. Alikuwa ameketi palepale, mdomo umepauka kwa ndizi mbichi, anasikia.

Mbonea akaruka kama aliyechomwa. "Mjomba, usikubali! Asingenifunza vile ningekuwa kaburini kabla hawa hawajazaliwa!"

"Asingenifunza vile," akasema Senzige, "ningeuzwa."

Ikabaki zamu ya Nakijwa. Hakuwa na kifo alichookolewa nacho. Alikuwa na furaha tu, na furaha haikutosha kuwa ushahidi mahali pale. Akamvuta binti yake kifuani, akasema polepole, "Alinifunza vile kwa sababu alitaka mmoja wetu aishi bila kuogopa. Sasa hilo ni kosa la nani?"

Mjomba Sebughe akainamisha kichwa. Akamtazama mpwa wa kwanza, akakumbuka vikapu. Akamtazama wa pili, akakumbuka jinsi alivyoimba. Akamtazama wa tatu, akamwona mtoto na tundu la mbuzi. Akamkumbuka dada yake. Hukumu ilikuwa bado, na jua lilikuwa linashuka, na nyumba ilikuwa haina moto.

Mimi niliyekaa hapa siwaamulii, maana hata mimi nimekulia miaka yangu na najua inanivuta upande gani. Nawaona na nyinyi. Yule pale aliyelala njaa utotoni tayari ameshamwachilia Mbonea moyoni mwake, na huyu aliyelelewa kwa kushiba anamtetea Nakijwa, na yule anayekaa akitazama mlango sina haja ya kumuuliza. Basi mwenye kujibu asimame, atuambie kwanza yeye alikulia miaka ipi, ndipo atuambie: aliyefunga ghala, aliyewaamini watu, aliyetii sauti ya mama yake, au mama mwenyewe aliyewalea wote ili wasife, je, nani alistahili kubeba majivu yale?