Lango Lililolishwa Wali

Mtu mmoja alikuwa na timu ya mpira ya daraja la tatu. Jina lake Shekigenda, mkulima wa mpunga, na timu ile aliachiwa na baba yake kwa usia. Aliipenda kupita kiasi. Viingilio havikutosha hata kununua mipira. Akauza ng'ombe, akauza baiskeli, mwisho akabaki na mpunga wa shamba tu. Kila siku ya mechi mkewe, Mandia, alipika sufuria moja kubwa ya wali, wachezaji wakala. Ujira wao ulikuwa huo, wala hawakunung'unika.

Msimu mmoja wakafungwa mechi tatu mfululizo. Shekigenda akaingiwa na hofu ya kushuka daraja, na mwenye hofu hakosi mganga. Huyo mganga hakutaka fedha. Alichimba shimo katikati ya kila lango, maana timu hubadilishana upande kipindi cha pili, akasema malango yana njaa: yakilishwa kabla ya mechi, hayatapitisha mpira.

Shekigenda akachota wali, konzi moja huku, konzi moja kule, akafukia. Siku ile mpira ulipigwa ukaelekea wavuni, ukaanguka kwenye mstari kana kwamba umedakwa, na kipa alikuwa mbali. Watu wakashangilia, kisha wakatazamana. Upande wa pili ikawa vivyo hivyo. Sare, bila bao. Jioni Shekigenda alifukua mashimo, akayakuta matupu, hayana hata punje. Nywele zilimsimama, lakini alifurahi.

Mechi zote za kundi lao zilichezwa uwanja huo huo, na kila mechi malango yalitaka zaidi. Konzi ikawa sahani. Sahani ikawa nusu sufuria. Kipa, kijana mpole aitwaye Mhando, alidai anasikia pumzi nyuma ya visigino vyake, naye akaambiwa ni njaa. Ilikuwa njaa kweli. Wachezaji walikonda, mmoja akaanguka akikimbia, wengine wakaondoka kimya kimya kwenda kubeba magunia sokoni, maana tumbo halina likizo. Mandia alilia jikoni akipakua. Shekigenda hakuona. Alihesabu sare zake, akajiona ameokoka.

Ikafika mechi ya mwisho. Sare moja tu ingewabakiza. Alfajiri Shekigenda akabeba sufuria yote, akaufukia wali katika malango yote mawili, asibakize hata ukoko. Wageni wakaingia kumi na mmoja. Kwake wakatokea sita, Mhando akiwa wa mwisho, anajishikilia mlingoti. Shekigenda akamkimbilia mwamuzi, akamwonyesha lango, akaapa kwamba hakuna mpira utakaopita pale.

Mwamuzi akawahesabu mara mbili, akaweka filimbi mfukoni. "Mzee, chini ya saba hakuna timu."

Wageni wakapewa ushindi, na timu ya baba yake ikashuka siku ile bila kufungwa hata bao moja. Watu wakatawanyika. Shekigenda akabaki peke yake langoni, jua likiwa bado juu, akasikia chini ya nyayo zake mwiko ukikwangua sufuria tupu.

Nanyi mnaoilisha hofu yenu chakula cha wale wanaowatumikia, niambieni: wali ukiisha, itakula nini?