Kipande cha Kopo la Vibovu

Wapendwa, leo niruhusuni niwapeleke maabara. Msiogope, hata mimi fizikia ilinitoa jasho.

Mwanamke mmoja alikuwa mtaalamu wa kupika fuwele, vile vipande vinavyopitisha umeme nusunusu. Vya jamii hiyo vimo hata ndani ya simu unayoichungulia hapo nyuma. Mama yake aliungua moto, na kila bandeji ilipofunguliwa ili kidonda kitazamwe, mama alilia mpaka sauti ikamkauka. Binti akaapa kutafuta mwali, aina ya mwonzi, wa kupenya bandeji na kuonyesha kidonda bila kukifungua. Mwali huo upo, wataalamu wanauita terahezi. Kazi ni kuuzalisha. Unakipiga kipande kwa mwanga, umeme ndani yake unashtuka, na katika mshtuko ule mwali unatoka.

Basi akapika. Desturi ya kwao ni tanuri kali sana, ili kila chembe ikae mahali pake na kipande kisiwe na dosari. Vikatoka vipande safi kabisa. Akavipiga mwanga, mwali ukatoka hafifu, bandeji haukuivuka.

Siku moja umeme wa mtaa ukafifia na tanuri halikupata moto wa kutosha. Kipande kikatoka kimejaa vishimo visivyoonekana kwa macho. Akakitupa kwenye kopo la vibovu. Kisha, kwa kukata tamaa, akakiokota tena.

"Dada, si hicho umekitupa mwenyewe?" mwenzake akamuuliza.

"Ndicho."

"Kina kasoro kila mahali."

"Najua. Na vile vizima vimemsaidia nini mama yangu?"

Akakipiga mwanga. Mwali ukapenya bandeji.

Kwa nini? Sikilizeni hapa. Mwali ule unataka umeme ushtuke na kutulia upesi. Ukipiga kofi mikono ikagandana, utapigaje la pili? Katika kipande safi umeme ulizurura, haukuwa na pa kutua. Katika kile kibovu, vishimo viliudaka mara moja.

Sasa tuje kwetu sisi. Mara ngapi tumemwomba Mungu maisha yasiyo na shimo hata moja? Wewe uliyezika mtoto, wewe uliyeachwa, nyumba ikabaki kimya, nani aliyekutia kwenye kopo la vibovu? Si ulijitia mwenyewe?

Yule mama alipotazamwa kwa mwali ule hakulia. Alikaa akisubiri maumivu, kisha akauliza, "Mnaanza lini?" Nao walikuwa wamekwisha kumaliza.

Mtaani kwako yupo mtu mwenye kidonda. Wengi watataka kumfungua bandeji ndipo waamini kwamba anaumia. Nenda wewe, ndugu yangu, na hilo shimo lako. Wewe utakiona kidonda chake bila kumfungua.