Gerlof na Mpira wa Mtaroni

Niwape, nisiwape? Semeni "tupe". Haya, pokeeni.

Hapo kale, wajukuu zangu, babu wa babu zenu hawajaota meno, palikuwa na nchi ya Uholanzi, nchi ya maji na ng'ombe. Mpira ulichezwa malishoni: ng'ombe wafukuzwe kwanza, ndipo watu wacheze. Na pembeni, mtaro. Mpira ukitumbukia, huopolewa kwa upondo. Ulikuwa wa ngozi, umefungwa kamba kama kiatu, na ukinywa maji huwa mzito kama jiwe.

Huko aliishi Gerlof, mshambuliaji. Alifunga kwa kichwa, akafunga, akafunga, mpaka timu ya taifa ikamwita. Kidawa, mwache mwenzio asikie. Watu wakimsifu, yeye usingizi haumjii, maana kamba zile zilikuwa zimempiga jichoni, na sasa kila mpira aliuona miwili.

Aliyejua ni mkewe tu, Aaltje.

"Mume wangu, maziwa umemimina mezani, kikombe kipo kando. Waambie wenzako."

"Nikisema wataniacha."

"Na wakuache."

"Halafu nitakuwa nani, Aaltje?"

Mke akachukua kitambaa, akafuta maziwa. Hofu ikawakalia wote wawili.

Siku ya kucheza na Wabelgiji ikafika. Mbili kwa mbili, mpira ukatumbukia mtaroni, ukaopolewa unachuruzika. Kila mtoto wa Uholanzi alijua: mpira wa mtaroni haupigwi kichwa, uache udunde kwanza umwage maji. Lakini Gerlof hakuona ulikotoka. Akaona inakuja juu, miwili. Upi? Upi, jamani? Akaurukia wa kulia.

Watu wakapiga kelele, wenzake wakamkumbatia, naye amekaa matopeni anapapasa nyasi. Aaltje akakimbia mpaka alipo.

"Bao limeingia?"

"Limeingia."

"Mbona giza, mke wangu?"

Hakucheza tena, na bao lake hakuliona kamwe. Kila jioni alimwomba Aaltje amsimulie, na Aaltje, kwa huruma, alianza na bao.

"Hapana," Gerlof husema. "Anzia siku ya maziwa. Leo nitawaambia wenzangu."

Mficha maradhi, kilio humfichua. Basi, mwenye jino linalomuuma humu ndani aseme sasa, nisikie. Kisa changu nimekitua, mkitaka kibebeni, msipotaka kiacheni mlangoni.