Undugu Hautafutwi Puani

Undugu hautafutwi puani. Nimewasikia mkicheka, kisha mkauliza pua imeingiaje humo. Acheni kucheka kwanza, maana siku methali hii ilipozaliwa hakuna aliyecheka.

Ilikuwa Rungwe, asubuhi ya mvua. Atupele alikuwa ameshikwa na uchungu tangu jana yake, na mkono wa mtoto ulikuwa umetangulia. Mkunga wake, Bibi Tusekile, alikuwa amezalisha nusu ya kijiji, lakini mtoto aliyelala hivyo hakuwahi kumtoa akiwa hai. Aliogopa, wala hakuficha. Akamtuma Lusekelo, mume wa Atupele, akamwite Ambilikile, mfugaji aliyesifika kwa kuzalisha ng'ombe walioshindikana.

Ambilikile alikuja mbio, akasimama nje ya ukuta wa mianzi, kwani mwanamume haingii chumba cha uzazi.

"Mimi ni wa ng'ombe," alisema. "Nikikosea itakuwaje?"

Mama yake Lusekelo akaziba mlango. "Mkwe wangu si ng'ombe. Ng'ombe ana kwato na mkia. Kuna undugu gani hapo?"

Tusekile alimjibu akiwa amepiga magoti, jasho likimtiririka. "Mama, Lusekelo ana pua yako? Hana, ana mwendo wa baba yake. Dada yake ana pua yako, mwendo hana. Nani kati yao si mwanao? Undugu hautafutwi puani. Ng'ombe ana kwato, lakini huzaa kama sisi. Niache nimsikie yule mfugaji."

Atupele alikuwa ameacha hata kulia, na hilo ndilo lililomtisha mama mkwe. Akasogea kutoka mlangoni.

"Usiuvute mkono," Ambilikile alisema kupitia mianzi. "Ngoja uchungu utulie, uurudishe ndani taratibu. Kisha tafuta mguu."

"Nimeshika kitu. Nitajuaje si mkono ule ule?"

"Angekuwa ndama ningekwambia. Mtu sijui."

Tusekile akapapasa tena. "Mtu ana kisigino," alisema polepole. "Nimekishika."

Mtoto alitoka kimya. Walimsugua mgongo, wakamsugua tena, Atupele akiuliza yuko wapi na hakuna anayemjibu. Kisha mtoto akalia.

"Na mama yake?" Ambilikile aliuliza.

"Mzima."

Mama yake Lusekelo alitoka mvuani, akamkuta Ambilikile amelowa chapachapa.

"Nisamehe, mama," Ambilikile alisema. "Nimetaja ndama mbele ya mkweo."

"Ingia jikoni uote moto, mwanangu," alimwambia. "Undugu hautafutwi puani."