Kofia Sita za Konokono

Hapo zamani, zamani ya jirani tu ambayo wengine wenu mliishi ndani yake, palikuwa na gari lililobeba nyumba. Ndani mlikuwa na kitanda, sinki, jiko la gesi, na choo chembamba kama kabati. Wageni fulani walizunguka nalo nchi nzima, na walipochoka wakaliachia kanisa kule Lushoto. Kanisa likatoa kitanda cha kulalia, likaweka kitanda cha kupasulia macho. Watu wakaliita Konokono, kwa kuwa alikwenda taratibu na nyumba yake mgongoni.

Konokono alikuwa na matairi sita. Mbele mawili, nyuma manne, na hayo ya nyuma yalikaa mawili mawili kama pacha, moja la nje na moja la ndani. Kwenye kila valvu ilifungwa kofia ndogo yenye namba, kuanzia moja hadi sita, na kila kofia ilipeleka habari za upepo wa tairi lake kwenye kioo kidogo kilichowekwa mbele ya dereva. Upepo ukishuka, namba ya tairi hilo huwa nyekundu na kioo hulia. Nesi Tusekile, mtu wa Tukuyu aliyeletwa milimani na kazi, alikiita kipima presha. Kila asubuhi humwuliza dereva, "Leo mgonjwa wetu anasemaje, baba?"

Dereva alikuwa Yonazi Shekiondo, mzee wa kanisa, darasa la saba, miaka thelathini kwenye usukani. Kitabu cha kile kioo kilikuwa kwa lugha asiyoijua, basi akakisoma kioo chenyewe kama mkulima asomavyo mawingu. Akajifunza kwamba asubuhi ya baridi ya Lushoto namba hushuka na kioo hulia bure, na kwamba joto la tambarare ya Mombo huzipandisha. Akajifunza kutopunguza upepo tairi likiwa moto, maana likipoa litabaki legevu. Aliyajua hayo yote, na aliyajua kwa fahari kidogo, Mungu amsamehe.

Sasa, mara moja kwa mwaka alikuja daktari wa macho kutoka mbali, akafika kwa gari lake katika kijiji cha Kwasheghu kule bondeni. Konokono humfuata huko na kitanda, taa na vyombo. Mwaka huo waliandikwa wagonjwa kumi. Wa kumi alikuwa Bibi Mahija, mjane asiye na mtu nyumbani. Ugonjwa wake wa mtoto wa jicho ulikuwa umekomaa vibaya, macho yote mawili, na hospitali ya mkoa walikwisha kumwambia hauguswi ila na mkono wa daktari yule. Msimu uliopita aliingia shambani kupalilia kwa kupapasa. Aling'oa mahindi akaacha magugu. Mwaka mzima alikula kwa huruma ya majirani, na jambo hilo lilimuuma kuliko upofu wenyewe.

Siku mbili kabla ya safari, Konokono alipelekwa gereji kwa Fundi Hemedi Mbaruku kujazwa upepo. Hemedi alikuwa fundi mzuri na mtani mkubwa wa Yonazi. Alizifungua kofia zote sita, akazitupia katika kopo lililobaki grisi chini, akajaza tairi moja baada ya jingine. Amejaza la mwisho, kofia bado ziko koponi, akasikia jeneza la jirani yake linatoka. Nani abaki gerejini maiti ya jirani ikipita? Akazirudisha kofia haraka, moja hapa moja pale, bila kutazama namba, akanawa mikono akakimbilia maziko. Alisema moyoni kwamba atakaporudi atazipanga. Aliporudi, Konokono alikuwa amekwisha chukuliwa, na katika shughuli za msiba akasahau kumwambia dereva.

Siku ya safari ikafika. Saa kumi na mbili asubuhi Yonazi aliwasha gari, akavua kofia yake, akaanza sala ya safari. Katikati ya sala kioo kikalia. Tii, tii, tii. Nesi Tusekile alikuwa amefumba macho. Akaona ni aibu kidude kimkatize mtu anayesema na Mungu, na tena alikumbuka kwamba asubuhi za baridi kioo hulia bure. Akanyoosha mkono akabonyeza kitufe, akakishikilia mpaka Amina. Asichojua ni kwamba ukikibonyeza kidogo kioo hunyamaza dakika tano, na ukikishikilia hunyamaza kutwa. Na Yonazi siku hiyo aliomba sala ndefu. Baada ya Amina nesi hakusema kitu, wala dereva hakuuliza.

Wakateremka mlima. Walipofika Soni, Yonazi akatupia jicho kioo, akaona namba tatu nyekundu, kimya. Tatu ni tairi la nyuma kushoto, la nje. Akaegesha, akashuka na geji, akafungua kofia, akapima. Tairi limejaa kama ngoma. Akapima tena. Limejaa. Akarudisha kofia, akapanda garini, akamwambia nesi kwamba hiki kidude kimezeeka kama yeye, kinaona mambo ambayo hayapo. Akakifunika kwa kitambaa, wakaendelea.

Matairi mengine matano hakuyapima. Mawili kati yake ni ya ndani, na tairi la ndani hulipimi umesimama. Unalala chali uvunguni. Yonazi alikuwa amevaa shati jipya jeupe, kwa kuwa kila mwaka daktari hupiga picha na wote.

Walipoipita Mombo jua lilikuwa limepanda na lami inawaka. Konokono akatikisika upande wa kulia, mlio mmoja, kisha wa pili. Tairi la ndani, nyuma kulia, lilikuwa limekwisha upepo tangu mlimani. Pacha wake wa nje akabeba mzigo wa wawili, akachoka, akapasuka. Matairi mawili yamekufa, na tairi la akiba ni moja.

Yonazi akampigia simu Hemedi. Hemedi akafunga gereji, akateremka kwa pikipiki na tairi mgongoni mwa kiti, akawakuta kandokando ya barabara karibu saa tano. Alipomwona Yonazi amesimama mbali na vumbi, hakuuacha utani wake.

"Bwana harusi, bibi harusi yuko wapi? Njoo ushike jeki basi."

Yonazi akashika jeki. Hemedi akalala uvunguni, akaifungua kofia ya tairi lililokufa, akaipangusa kwa kidole gumba. Kisha akaigeuzia kwenye mwanga.

"Hii ni tatu," alisema Hemedi taratibu. "Ndugu yangu, tatu ilikuwa huku. Mimi ndiye niliyeiweka."

Walifunga matairi, wakaondoka, Hemedi nyuma yao kwa pikipiki, wakafika Kwasheghu saa sita imekwisha pita. Wangefika saa tatu. Daktari hakulaumu, wala hakula. Alipasua mpaka saa kumi, na saa kumi ilipotimia alikuwa amemaliza wagonjwa tisa. Ndege yake haikumngoja mtu. Akamshika Bibi Mahija mkono, akamwambia mwakani atakuwa wa kwanza, akaondoka. Picha haikupigwa.

Bibi Mahija akabaki ameketi kwenye kibao nje ya Konokono, khanga yake mpya ya hospitali bado haijakunjuliwa. Akauliza kilichowachelewesha. Wangeweza kumwambia ni pancha, na pancha ni amri ya Mungu. Nesi alikwisha fungua mdomo aseme hivyo. Lakini Hemedi akapiga goti mbele ya bibi, akasema, "Kosa ni langu." Akaeleza kopo, jeneza na kofia. Kama kofia zingekuwa mahali pake, dereva angepima tairi lenye ugonjwa, na kazi ingekwisha pale pale Soni.

Nesi Tusekile naye akapiga goti, akasema kosa ni lake. Fundi alikifanya kioo kikosee jina la tairi lenye ugonjwa, lakini kioo kilijua kuwa yupo mgonjwa, kikalia. "Mimi ndiye niliyekiziba mdomo. Kingelia njia nzima, tusingepuuza. Ningekuwa wodini mashine ikalia, ningetazama vitanda vyote. Pale nilijali sala isikatike, nikasahau kwamba labda Mungu ndiye alikuwa anajibu."

Ikawa zamu ya Yonazi. Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo palipokuwa na ugumu wake. Yonazi alikuwa na udhuru mzuri kuliko wote. Yeye peke yake ndiye aliyeshuka garini. Alionyeshwa tairi, akalipima, akalipima tena. Hemedi mwenyewe alikwisha sema njiani kwamba dereva hana hatia, kwani shahidi akimtaja Juma, nani atamkamata Ali? Yonazi angeweza kukaa kimya na watu wote wangemwamini.

Lakini kulikuwa na jambo alilolijua yeye na Muumba wake tu. Pale Soni, alipofungua kofia ya lile tairi zima ili apime, aliishika kiganjani. Ilijaa grisi, namba haionekani. Akawaza aipanguse aone. Hakuwa na kitambaa mkononi, alikuwa na shati. Akairudisha vilevile na grisi yake. Angeipangusa angeona sita mahali pa tatu, na angejua kila kitu.

Wenzake wamepiga goti, yeye bado amesimama. Alijiona mwenyewe akisimama hivyo hivyo mbele ya usharika kila Jumapili, akiwahimiza watu watubu. Kisha naye akashuka chini, na lile shati, vumbini.

"Bibi, ukweli niliushika mkononi. Nikauogopa usinichafue nguo. Kosa ni langu."

Bibi Mahija alisikiliza wote watatu, uso wake umeelekea mahali pasipo na mtu. Kisha akasema, "Wajukuu zangu, nimewasamehe. Msamaha hauna shida, unatoka mdomoni. Lakini msamaha haupalilii. Mvua za vuli ziko mlangoni, na mimi sijui hindi ni lipi na gugu ni lipi. Mmeninyima macho ya mwaka mmoja. Nataka macho ya mwaka mmoja."

Wakamwuliza anataka nini hasa. Akasema mmoja wao akae Kwasheghu mpaka daktari arudi. Amwongoze shambani, amwambie palilia hapa, acha hapa, amvushe barabara siku ya gulio. Jembe atashika mwenyewe.

Hemedi akasema atamtafutia mtu wa kuajiri, tena mzuri. Bibi akatikisa kichwa. "Wa kuajiriwa huona saa ya kuondoka kabla hajaona gugu. Namtaka aliyekosa. Yeye ataangalia vizuri."

Wakasema basi watapokezana, wote watatu. Bibi akacheka kidogo. "Mimi nimeongozwa miaka minne, nyinyi hamjaongozwa hata siku moja. Kipofu anayeshikwa na watatu huangukia katikati yao. Nataka mkono mmoja, niujue."

Hapo mashindano yakaanza upya, na safari hii yalikuwa magumu, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na cha kuacha. Hemedi akikaa, gereji inafungwa, na watoto watano wanakula kwenye ile gereji. Nesi akikaa, Konokono anapanda mlima bila mtu wa kuwatazama wajawazito wa vijiji kumi na mbili. Yonazi akikaa, ufunguo unakwenda kwa mwingine, na katika umri wake ufunguo ukitoka haurudi.

Hata hivyo Hemedi akasema, "Ni mimi. Uongo ulianzia kwangu. Nyinyi wawili mlidanganywa, na aliyedanganywa halipi deni la mwongo."

Nesi akasema, "Ni mimi. Wewe ulikwenda kumzika jirani, huyu alishuka akapima. Kila mmoja wenu alifanya kitu. Mimi nilisikia kilio nikakinyamazisha, na hilo ndilo nililosomea nisilifanye."

Yonazi akasema, "Ni mimi. Fundi hakujua kuna tairi linalovuja. Nesi hakujua kioo kitanyamaza kutwa, na aliyejua nilikuwa mimi, sikumfundisha. Nyinyi mlikosa kwa kutojua. Mimi nilikuwa na nafasi ya mwisho, nikaiona, nikachagua shati."

Hemedi akamgeukia. "Lakini wewe ndiye pekee uliyeshuka, Yonazi. Tukimwadhibu aliyeshuka, kesho nani atashuka?"

Yonazi, moyoni mwake, na hili nalo alikuja kuliungama baadaye, aliposikia maneno hayo alitamani kwa dakika moja yawe kweli.

Bibi Mahija akachoka kungoja. Akainuka kutoka kwenye kibao, akanyoosha mkono wake wa kulia hewani, kiganja juu, akasema, "Mmoja anishike, twende nyumbani." Ule mkono ukabaki pale, hautikisiki, haumwelekei yeyote. Na wote watatu wakainuka kwa pamoja.

Nami naishia hapo, nauweka mkono wa bibi mikononi mwenu nyinyi mliosikiliza. Yuko aliyezichanganya kofia kwa sababu ya jeneza la jirani. Yuko aliyenyamazisha kilio kwa sababu ya sala. Yuko aliyeushika ukweli akaurudisha na grisi yake, naye ndiye pekee aliyeshuka kutazama. Mvua haingoji, na bibi amesimama.

Je, nani alistahili kuwa macho ya Bibi Mahija?