Gari Lisilozimwa

Nilikuwa nimesimama mbele ya wanandoa waliojaa ukumbi wa kanisa, nikiwafundisha juu ya kusikilizana, na zipu ya suruali yangu ilikuwa wazi. Mama mmoja wa kiti cha mbele akaninyooshea kidole. Nikaitikia, "Amina!" Akanyoosha tena, kwa bidii zaidi, nami nikadhani neno limemchoma, nikapandisha sauti. Kicheko kilipofika viti vya nyuma ndipo nikatazama chini. Nimefundisha Ndola, nimefundisha Bujumbura, nimefundisha hata Stockholm kwenye baridi ya kugandisha ulimi. Kote huko sijapata kutazamwa kwa makini namna ile. Nikageukia ukuta, nikafunga palipotaka kufungwa, na niliporudi kuwakabili, somo lote lilikuwa limenitoka kichwani. Nikawapa mfano badala yake.

Mtu mmoja alikuwa na mke mwema na miguu mizima, wala hakuwa na haja ya gari. Jina lake Ambakisye, fundi wa vioo vya madirisha pale Mbeya. Siku moja akaona gari kuukuu linauzwa: dogo, la milango mitatu, fupi nyuma kama kuku aliyenyofolewa mkia. Lakini lilikuwa na turbo, na likikanyagwa lilinguruma hadi mbuzi wa jirani wakakata kamba. Ambakisye alisikia mngurumo ule mara moja tu. Hakuuliza kitu kingine.

Mkewe Tusekile, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Lugano, aliingia ndani ya gari akakagua. Kwenye dashibodi aliona kipande cha utepe mweusi kimebandikwa. Akakibandua. Chini yake kulikuwa na taa ya njano, inawaka.

"Baba Lugano, hili gari linasema linaumwa."

Ambakisye akauchukua ule utepe, akaurudisha mahali pake, akaukandamiza kwa dole gumba. "Haya. Bado linaumwa?"

Wenzangu, taa haikuwa na ugomvi na mtu. Ukiifunika haizimiki, inaendelea kuwaka huko huko gizani.

Haukupita muda, starta ikafa. Ukizungusha ufunguo, gari lilisema "tik" likanyamaza, kama mtu aliyeulizwa alilala wapi. Kuanzia hapo halikuwaka ila kwa kuteremka mlima, kwa hiyo Ambakisye akaanza kuishi kwa miteremko. Alimhama kinyozi wake wa siku zote akaenda kwa mwingine anayekata vibaya lakini yuko kilimani. Marafiki waliokaa sehemu tambarare hawakumwona tena. Alihama hata kanisa. Aliuambia ushirika wa zamani kwamba ameitwa kwingine, na kweli aliitwa, na mteremko.

Ikaja Jumamosi ya harusi ya mdogo wake Tusekile. Mama Lugano alivaa kitenge kipya, akafunga kilemba kilichomchukua asubuhi nzima. Mteremko wa nyumbani ulikuwa umeloa, gari likagoma kushuka lenyewe. "Sukuma kidogo tu, Mama Lugano, kidogo tu." Akasukuma. Kilemba kikamlalia jichoni, viatu vikazama kwenye tope, gari likakohoa, likawaka. Nalo likishawaka, ukiinua mguu kwenye mafuta linazima. Basi Ambakisye hakusimama. Alizunguka barabara akarudi, akampita mkewe akipunga mkono dirishani: "Ruka uingie! Ruka!" Akazunguka tena, akampita tena: "Mbona huruki?"

Alipozunguka mara nyingine, barabarani hapakuwa na mtu. Tusekile alikuwa amepanda basi la kwao Tukuyu, na harusi ilipokwisha hakurudi.

Mtu mwingine angepanda basi lililofuata. Ambakisye akasema, "Nitamfuata kwa gari hili hili, ajue ni gari." Akalipeleka kwa fundi Chaula, mtu mchangamfu asiyewahi kumkatisha mteja tamaa. Walifungua injini, wakabadilisha ringi za pistoni, plagi na koili. Turbo ilishushwa ikapandishwa. Kila jioni Chaula alipangusa mikono, akasema, "Bosi, hapa tumemaliza. Bado kidogo." Mwishoni akauliza, "Na starta, bosi?" Ambakisye akafikiri. Starta haionekani, wala haisikiki ikiwa nzima. Akaiacha, akaagiza rangi nyekundu, na bomba la moshi pana kama mdomo wa ndoo, ili mkewe amsikie akiwa bado mlimani.

Nyumbani kulikuwa na sufuria moja inayotumika, na upande mmoja wa kitanda ulikuwa umejaa vipuri. Simu hakupiga. Alitaka limalizike kwanza.

Likamalizika. Akashuka nalo kwenda Tukuyu, likilia vizuri kuliko hata siku ile ya kwanza, na watu wakatoka mashambani kulitazama. Akapita migomba, akapita mashamba ya chai, akateremka, akateremka tena, mpaka uani kwa wakwe zake. Na ua ule ulikuwa chini kabisa bondeni, umesawazika kama sinia.

Baba mkwe alikuwa ameketi kwenye kigoda. Mkwe anayejiheshimu hushuka, huchuchumaa, ndipo huamkia. Ambakisye alitoa kichwa dirishani, mguu ukiwa kwenye mafuta, akapiga kelele, "Shikamoo, baba!" Mzee akaweka mkono sikioni. "Shikamoo!" Mzee akainuka, akahamisha kigoda chake nyuma ya nyumba.

Ndipo Tusekile akatoka jikoni akifuta mikono, akasimama karibu na dirisha la gari. Midomo yake ikasogea.

"Unasemaje?"

Ikasogea tena.

"Panda, Mama Lugano! Panda, siwezi kuzima!"

Hakupanda. Alisimama pale akisema jambo, wala halikuwa refu, na lilikuwa ndilo jambo ambalo mumewe alisafiri kuja kulisikia. Ambakisye alitazama kushoto, akatafuta mteremko. Akatazama kulia. Palikuwa tambarare tupu, na kuku. Akizima hapa, gari hili litalala hapa, litajaa vinyesi vya kuku, na rangi yake yote. Mkono ukaenda kwenye ufunguo, ukarudi. Tusekile akageuka kuelekea jikoni.

Akazima.

Kimya kilikuwa kikubwa kiasi kwamba alisikia maharage yakichemka ndani.

"Nilikuwa nasema," akasema Tusekile bila kugeuka, "shuka umwamkie baba."

Akashuka. Akaenda nyuma ya nyumba, akachuchumaa, akaamkia kama mtu aliyelelewa, na mzee akaitikia. Kisha akarudi, akasimama mlangoni mwa jikoni, mikono haijui pa kukaa.

"Sasa, mke wangu, tutaondokaje?"

"Nani amekwambia tunaondoka? Ingia ule."